Vifuko Sita vya Makapi

Mtu akisimama mlangoni kwa Mama Mkubwa na kuita "Fundi!", wanainuka wawili. Yeye ni fundi cherehani, mumewe ni fundi bomba, na kwa miaka yote waliyokaa pamoja hawajawahi kukubaliana nani aitike kwanza. Mimi, niliyehamia kwao na begi moja na nusu ya stashahada, siinuki. Mimi si fundi wa chochote, na nyumba nzima inalijua hilo bila kutangaziwa.

Mama Mkubwa ni dada yake mama yangu, kamzidi miaka tisa. Ni mfupi, mnene wa kiuno, miwani yake imefungwa uzi mweusi upande mmoja, na shingoni ana tepu ya kupimia ambayo nadhani huivua anapooga tu. Ameshona sare za shule kwa miaka thelathini kwenye chumba cha mbele, dirisha likitazama barabara. Nusu ya watu wazima wa mtaa ule aliwapima viuno wakiwa watoto, na hasahau. Mtu anapita na kitambi chake na heshima zake, yeye anamtazama dirishani na kusema, "Huyo alikuwa inchi ishirini na mbili, na alikuwa analia ukimgusa kwapani."

Lakini kazi yake ya kweli iko nyuma ya nyumba.

Walipohamia, uwanja ule wa nyuma ulikuwa jaa la wajenzi. Vipande vya matofali, saruji iliyogandia kwenye mifuko, misumari, kiatu kimoja. Mama Mkubwa alitoa mawe kwa beseni mwaka mzima, mabeseni mawili kila asubuhi kabla hajakaa kwenye cherehani. Mawe yalipokwisha akaanza kuulisha udongo kama anayemlisha mgonjwa: maganda ya jikoni, samadi, majani makavu, na vipande vya pamba vilivyobaki chini ya meza ya kukatia. Pamba inaoza vizuri, anasema, na inashika maji. Tatizo ni kola moja ya bluu. Muuzaji alimwapia kwamba kitambaa kile ni pamba tupu, na kola ile imekaa ardhini miaka kumi na moja haijafifia hata rangi. Kila msimu jembe linaifukua, kila msimu anamlaani yule muuzaji upya, kisha anaizika tena. "Nataka nione mwisho wake," anasema.

Analima kama anavyoshona. Anapanda kwa tepu: inchi sita, inchi sita, inchi sita. Mistari anaichora kwa kamba iliyonyooka kuliko barabara ya mbele ya nyumba. Nyanya anazifunga kwenye miti kwa pindo za vitambaa, na fundo ni lile lile analofungia furushi la sare, fundo la kuvuta mara moja likafunguka. Sukuma zake zikiwa na tundu moja la mdudu, anakasirika kama vile ameona mshono umeachia.

Baba Mkubwa upande wake ni maji. Alikusanya vipande vya mabomba vilivyobaki kwenye kazi za watu, akavitoboa vitundu vidogo, akavilaza kando ya mistari, na ukifungua koki moja karibu na mlango wa jikoni bustani nzima inakunywa taratibu, tone baada ya tone. Ni kazi nzuri, na anajua. Wageni wakija huwapeleka kwanza kwenye koki ndipo awape kiti. Ila usimwulize kilichopandwa ni nini. Mwaka mmoja alijitolea kupalilia, akang'oa karoti zote, akaacha magugu yamesimama kwenye mistari, safi kabisa. Tangu siku hiyo amepigwa marufuku kugusa kitu chochote cha kijani.

"Mimi nimeoa mkulima," huwa anasema, "sikuoa kilimo."

Sasa maharagwe.

Katikati ya bustani ile kulikuwa na mistari miwili isiyobadilishwa kamwe. Ilikuwa ya maharagwe ya Bibi, yaani mama yake Mama Mkubwa. Siku Mama Mkubwa alipoondoka kwao kwenda kwa mumewe, Bibi alimfungia konzi moja ya mbegu kwenye ncha ya kitambaa cha kichwa. Hakumpa kingine cha maana, kwa sababu hakuwa nacho. Ni maharagwe mekundu ya kiza, na kila punje ina mstari mweupe mwembamba upande mmoja, kama jicho lililosinzia. Bibi alishafariki kabla sijajua kutembea. Sokoni sijawahi kuyaona. Kwa hiyo kila msimu yalikuwa yale yale: yaliyotoka kwa Bibi, yakazaa, yakazaa tena, miaka thelathini na nne, bila kukatika.

Na kuchagua mbegu ndiko kulikokuwa ibada yake. Alimwaga mavuno kwenye meza ya kukatia, akavaa miwani, akatenga mafungu matatu. Manene, yenye mstari uliotimia, yalikuwa mbegu. Ya katikati yalikuwa ya kupika. Yaliyopinda, yaliyokunjamana, madogo kama pilipili mtama, hayo aliyaita makapi, na hata kuyapika alikuwa hataki. Mbegu zilichanganywa na majivu ili wadudu wasiziguse, zikawekwa kwenye kopo la bati lililokuwa la vifungo, juu ya rafu, karibu na cherehani. Hakumpa mtu. Jirani yetu wa geti la bluu, mwanamke mwenye sauti ya kengele, aliomba mbegu zile miaka mitano mfululizo. Alipewa bakuli la maharagwe yaliyopikwa miaka mitano mfululizo.

Mwaka jana, wiki moja kabla ya mvua, Mama Mkubwa akashikwa na homa. Si ya kutisha, lakini ilimlaza. Mashimo yalikuwa yameshapimwa na kuchimbwa, yanasubiri. Siku mbili hakula chochote ila chai. Siku ya tatu mchana Baba Mkubwa akasimama katikati ya sebule, akavuta suruali juu kama anayetaka kuzibua karo, akasema, "Leo mimi napika."

Nilicheka. Mtu yule alikuwa hajawahi kuchemsha kitu zaidi ya maji, na maji yenyewe aliyachukulia kama jambo la kikazi.

"Cheka tu, Profesa," akaniambia. "Chuo walikufundisha kucheka, sivyo?"

"Walinifundisha nusu, Baba Mkubwa. Hiyo nusu ndiyo ya kucheka."

Akanituma dukani nikalete kitunguu na chumvi. Niliporudi chungu kilikuwa jikoni kinatokota, na yeye anapuliza moto, machozi yanamtoka kwa moshi, akinung'unika kwamba mama yako mkubwa uzee unamwingia, anahifadhi chakula kwenye majivu, imebidi nioshe maji matatu. Nilisikia neno majivu. Nalisema wazi ili nisionekane mwema: nililisikia, na halikunigusa, kwa sababu kitunguu kilikuwa kinanukia vizuri.

Yaliiva. Nilikula sahani mbili, nikasifia chumvi. Kisha Baba Mkubwa akachukua bakuli, akaweka kijiko upande wa kulia kama hotelini, akampelekea mkewe kitandani. Mimi nikasimama mlangoni kuona maajabu.

Mama Mkubwa alikula kijiko cha kwanza kwa heshima. Cha pili kwa njaa. Alipofika nusu akaegemea mto, uso umepata rangi kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu.

"Mzee," akasema, "haya maharagwe matamu hivi umeyatoa wapi?"

"Si haya yako, ya kwenye kopo."

"Kopo lipi?"

"La vifungo. Pale juu ya cherehani."

Kijiko kikasimama hewani. Mimi nikalikumbuka lile neno majivu.

"Umepika yote?"

"Yote," akasema Baba Mkubwa, bado anatabasamu, maskini. "Nilitaka yatoshe na ya jioni."

Mama Mkubwa alimtazama. Nilisubiri apige kelele. Ningeshukuru angepiga kelele. Akaangalia bakuli, zile punje nene kuliko zote, akasema kwa sauti ya mtu anayeongea na kitambaa, "Basi yaliyobaki yaletwe. Hayatamwagwa." Akala mpaka ya mwisho. Kisha akageukia ukutani.

Baba Mkubwa alinifuata jikoni. "Nimefanya nini?"

Nikamwambia. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaiangalia ile mikono yake mikubwa ya fundi kama vile ni ya mtu mwingine. "Zilikuwa mbegu," akasema. Kisha tena, "Zilikuwa mbegu za mama yake."

Kesho yake alivaa shati la kwendea harusini, akatoka. Alikuwa ameokota punje moja iliyobaki chini ya chungu, akaifunga kwenye leso, na kwa siku nne alizunguka masoko yote anayoyajua akiwaonyesha wauza nafaka. Nilimfuata siku ya pili, nikaona kwa macho yangu. Anafungua leso taratibu, anasema, "Mama, natafuta mbegu kama hii." Muuzaji anainama, anatazama, anamtazama yeye.

"Mzee, hili si limeshaiva?"

"Ndiyo limeiva. Wewe tazama huo mstari."

"Mstari umeivia kwenye mchuzi, baba."

Walicheka, na yeye alisimama akingoja wamalize kucheka, kisha akauliza tena. Siku ya nne punje ilikuwa imeanza kunuka. Akaenda geti la bluu.

"Mimi?" akasema jirani, kengele ikalia mpaka barabarani. "Mbegu? Shemeji, mkeo angenipa figo kwanza!" Halafu akaona uso wa Baba Mkubwa, akashusha sauti, jambo ambalo sikujua kwamba anaweza. "Pole, shemeji. Ningekuwa nazo ningekuletea zote."

Homa ilipoa, mvua ikaja. Mama Mkubwa hakwenda bustanini. Alikaa kwenye cherehani, akashona, akajibu alipoulizwa. Hakumsema mumewe kwa lolote, alimwekea chai kama siku zote, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Yale mashimo yaliyopimwa kwa tepu yakajaa maji, kisha yakaanza kujifukia yenyewe. Nilimwambia nipande mchicha pale, akasema, "Panda." Mtu ambaye angenifukuza kwa inchi moja ya makosa, anasema panda! Sikupanda.

Ikawa hivyo wiki mbili. Siku moja mchana alikuwa anakata vitambaa vya sare, Baba Mkubwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango anafunga uzi wa kuzuia maji kwenye koki ya mtu. Mama Mkubwa hatumii pini anapokata. Anatandika kitambaa, anaweka karatasi ya kipimo juu yake, kisha anavigandamiza kwa vifuko vidogo vya nguo, vizito, vya ukubwa wa ngumi, ili kitambaa kisitembee. Ana vifuko sita, alivishona mwenyewe, na vingine vimekuwapo mezani pale tangu niko mtoto wa kutambaa. Akaweka cha kwanza. Cha pili. Cha tatu, kikachakarika kwa ndani.

Baba Mkubwa akainua kichwa. Mtu yule huweka sikio ukutani akakwambia bomba linavuja wapi.

"Hicho kina nini ndani?"

"Nini?"

"Hicho kifuko. Kina nini?"

"Makapi."

"Makapi ya nini?"

Mkasi ukasimama. "Ya maharagwe," akasema Mama Mkubwa, polepole. "Yale ninayoyatoa."

Nikasimama mimi, akasimama Baba Mkubwa, koki ikaanguka ikabingirika mpaka uvunguni, hakuna aliyeifuata.

"Hapana," Mama Mkubwa akasema kabla hatujafungua mdomo. "Msiniangalie hivyo. Yale si mbegu. Yamepinda, yamekunjamana, mengine ni ya zamani hata sikumbuki. Miaka thelathini na nne nimechagua mazuri. Sitaanza leo kupanda takataka kwenye mistari ya mama yangu. Yale niliyakataa."

Baba Mkubwa alikuwa bado amesimama, ule uzi wa koki umemning'inia kidoleni. "Hata mimi baba yako alinikataa," akasema. "Mara mbili."

Nje mtu alipita na mkokoteni unaolia gurudumu.

Kisha Mama Mkubwa akacheka. Kilianza kama kikohozi, kikapanda, miwani ikateleza, akaivua na kuifuta kwa ncha ya kitambaa cha sare ya mtoto wa watu. Alikuwa anacheka na kulia, na sijui kipi kilikuwa kingi. "Mara tatu," akasema. "Ya tatu hukuambiwa."

"Ya tatu?"

"Leta wembe, mwanangu."

Alifumua vifuko mwenyewe, mshono kwa mshono, hataki kuchana. Cha kwanza kilitoa unga. Wadudu walishakula wakabakiza maganda. Cha pili vile vile. Cha tatu, cha nne, cha tano: unga na vitundu. Baba Mkubwa alikuwa amesimama nyuma ya kiti, na nilimwona akishusha mabega kidogo kila mshono ulipofunguka. Cha sita kilikuwa na rangi mpya kuliko vingine. Alikishona miaka minne iliyopita, na siku hiyo, alikumbuka, majivu yalibaki kwenye beseni, akayamimina humo humo kwa uvivu wa kwenda kuyamwaga nje.

Zilitoka punje arobaini na moja. Ndogo, zimekunjamana, moja imejikunja kama sikio. Lakini kila moja na mstari wake mweupe, hata kama umepinda.

"Mbaya hizo," nikasema.

"Nyamaza," wakasema wote wawili.

Alizipanda jioni ile ile kabla jua halijazama, kwa magoti, tepu mkononi. Inchi sita, inchi sita. Hakuzipunguzia heshima. Kisha kukaanza kule kungoja ambako mkulima wa nyumbani peke yake anakujua, kwa kuangalia udongo mtupu kana kwamba utasema. Siku ya tano hakuna. Siku ya saba hakuna. Baba Mkubwa alikuwa akitoka na chai yake asubuhi, anachuchumaa pembeni ya mstari, mikono mgongoni ili asiguse. Siku ya tisa akaniita kwa kunong'ona, kama mtu aliyeona mtoto amelala. Udongo ulikuwa umepasuka. Ndani ya ufa kulikuwa na shingo ya kijani imeinama, inavuta kichwa chake kutoka chini.

"Hili ni lenyewe au ni gugu?" akauliza.

"Ni lenyewe."

"Una hakika? Chuo hukumaliza."

"Tulikuwa tumeshafika kwenye maharagwe, Baba Mkubwa."

Yalitoka manne kati ya arobaini na moja. Asubuhi ya siku iliyofuata moja lilikuwa limelala chini, limekatwa shingoni na yule funza anayetembea udongoni. Mama Mkubwa alisema, "Haya," akakaa kwenye ngazi ya mlango. Baba Mkubwa alitoka bila kifungua kinywa. Nikamsikia anakata kwa msumeno. Akarudi na pete tatu za bomba nene, kingo zimesuguliwa laini, akamvisha kila mche pete yake na kuididimiza ardhini vidole viwili, ili funza asipite. Yeye aliyepigwa marufuku kugusa kijani aliigusa miche ile kwa ncha za vidole, na Mama Mkubwa akamtazama bila kumkataza.

Matatu yale yalipanda kamba mpaka yakavuka kimo changu. Yakatoa maua, yakatoa maganda, maganda yakakauka yakaanza kugonga-gonga kwa upepo. Siku ya kupukuchua jirani wa geti la bluu alikuja bila kuitwa, kama kawaida yake, akakaa nasi mezani. Mama Mkubwa akavaa miwani. Akafungua ganda la kwanza kwa kidole gumba, punje zikaanguka mezani, tano, nene, nyekundu ya kiza, jicho limesinzia sawasawa. Akafungua la pili. La tatu. Jirani akasogeza kiti karibu.

"Makapi yako wapi?" nikauliza mwishoni. Meza ilikuwa na fungu moja tu.

"Mwaka huu hakuna makapi," akasema.

Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Aligawa lile fungu mara tatu kwa ukingo wa kiganja. Moja akalirudisha kwenye kopo. Moja akalitia kwenye mfuko mdogo na kumsukumia jirani. "Inchi sita," akamwambia. "Ukipanda kwa macho nitajua." Jirani alishika ule mfuko kwa mikono miwili, akaondoka haraka, nadhani aliogopa mwenye mbegu asije akaghairi. Fungu la tatu alilitia kwenye kifuko kilichoshonwa kwa uzi mwekundu, herufi kubwa: SI CHAKULA. Akampa mumewe.

"Haya ni yako. Panda mstari wako."

Baba Mkubwa alisoma yale maneno mara mbili, akakiweka kifuko kwenye mfuko wa shati, akakibonyeza.

Msimu huu mistari ni minne kwetu na miwili nyuma ya geti la bluu. Vitambaa sasa Mama Mkubwa anavishikizia, badala ya vile vifuko, kwa nati kubwa za mabomba, ambazo Baba Mkubwa amezisugua mpaka zinang'aa. Na juzi, mavuno yalipokwisha kuchaguliwa, Mama Mkubwa alichukua konzi mbili kutoka fungu lile la mbegu, yale manene, akaziweka kwenye bakuli.

"Miaka yote hii," akasema bila kututazama, "sikuwahi kuyala haya. Nilikuwa nakula ya katikati. Siku ile ya homa ndiyo mara ya kwanza." Akainyoosha tepu shingoni. "Yalikuwa matamu, mzee. Nilikuwa na uchungu, sikukuambia."

Baba Mkubwa alipokea bakuli kwa mikono miwili, akasimama, akavuta suruali juu. Alifika mlango wa jikoni, akageuka.

"Haya, sivyo? Hamjakosea? Nianze kuosha?"

"Osha," akasema Mama Mkubwa.

"Maji matatu?"

"Hayana majivu, mzee. Moja linatosha."

Akaosha matatu.